Gunia la Vitunguu Lisilo na Ankara

Alipokuwa mpishi wa hoteli kule Nyali, Mombasa, kodi haikumshughulisha. Ilikatwa kabla mshahara haujaingia benki, na kila mwanzo wa mwaka afisi iliwagawia wafanyakazi karatasi ya P9, yenye hesabu ya mshahara na kodi iliyokatwa. Yeye aliipeleka saiba, kijana akamjazia ritani, akamlipa, mambo yakaisha. Nauli ya matatu kutoka Majengo, viatu vya mpira alivyojinunulia kwa sababu sakafu ya jikoni ilikuwa na utelezi, kisu chake mwenyewe alichokibeba mkobani kwa kuwa visu vya hoteli vilikuwa butu, vyote vilitoka mfukoni mwake na havikumpunguzia kodi hata shilingi moja. Alikuwa na mshahara, alikuwa na ile nafuu apewayo kila mlipa kodi, basi.

Mwaka 2015 aliacha kazi akaanza kupika shughuli. Harusi, hitima, maulidi, semina za mashirika, mahafali ya madrasa. Mpishi wa biriani Mombasa hana haja ya tangazo; akipika harusi moja ikanyooka, watu mia tatu wamekwisha kumwonja. Alichohitaji kufunzwa ni hesabu, na mwalimu wake akawa mtoto wa jirani aliyesomea uhasibu, kijana wa maneno machache ambaye hadi leo humwita Mama na hukataa sahani ya chakula mpaka amalize kazi iliyomleta.

"Mama," alimwambia siku za mwanzo, "ulipokuwa hotelini walitaka kujua umelipwa ngapi. Sasa watataka kujua umebakiwa na ngapi. Na hilo la pili ni wewe wa kulionyesha."

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inalisema jambo hilo katika kifungu cha 15. Mfanyabiashara anaruhusiwa kutoa katika mapato yake gharama ambazo zote, na bila kuchanganywa na jambo jingine, zimetumika kuzalisha mapato hayo. Kinachobaki ndicho hutozwa kodi. Kifungu cha 16 kinafuata nyuma yake kama mke mwenza, kikitaja yasiyotolewa: matumizi ya nyumbani, matumizi ya mtu binafsi, mtaji, na kodi ya mapato yenyewe. Kati ya vifungu hivyo viwili ndipo yalipo maisha yote ya mtu aliyejiajiri, kwani kwake biashara na nyumba hukaa chini ya paa moja, mara nyingine hata kwenye sufuria moja.

Mpishi alikuwa na kopo la biskuti lililojaa karatasi. Kijana akalimwaga kwenye sinia kubwa la aluminiamu, lile la kuandalia wali wa bibi harusi, akaanza kuchambua kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Upande mmoja akaweka mchele, nyama, samli, viungo, gesi, makaa, plastiki za kufungia, kodi ya ghala la kuwekea viti, leseni ya biashara ya kaunti. Upande wa pili ada ya shule ya bintiye, dawa za mamake, buibui jipya, mchango wa harusi ya jirani. Buibui lilizua mjadala. Yeye alisema analivaa anapokwenda kuonana na wateja wenye pesa zao. Kijana akajibu kwamba angelivaa hata asingekuwa na wateja, kwa hiyo ni la kwake. Aproni zilizochapwa jina la biashara zikapita bila maneno.

Katikati ya sinia likabaki fungu la tatu, nalo ndilo lililochukua muda. Bili ya umeme ya nyumba ambayo friji mbili za biashara zimechomekwa humo humo. Vocha za simu moja ipokeayo oda na salamu za shangazi. Mafuta ya gari lipelekalo sufuria Kisauni asubuhi na watoto madrasa alasiri. Hapa sheria haikatai, ila inataka mgawanyo wenye mizani inayoeleweka. Kijana hakukubali makadirio ya kichwani. Alimtaka atenganishe: mita ya pili ya umeme kwa ajili ya friji, laini ya pili ya simu, na namba ya till ya kulipiwa na wateja ili pesa za biriani zisipishane na pesa za sukari ya nyumbani. Mabadiliko hayo matatu, anasema mpishi, yaligharimu kidogo na yalimfunza zaidi kuliko semina yoyote ya wajasiriamali, maana kwa mara ya kwanza aliona kwamba harusi za watu mia mbili zilikuwa zikimpa faida kuliko za watu mia sita. Ada za kuendesha till nazo zikaingia upande wa gharama. Wengi huzisahau kwa sababu hukatwa kidogo kidogo.

Risiti nyingi kwenye lile kopo zilikuwa nyeupe tupu. Karatasi za mashine huandikwa kwa joto, na joto la Mombasa huzifuta. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini karatasi ile haikai hata miezi mitano ikiwa kando ya jiko. Tangu hapo kila risiti ilipigwa picha siku ile ile iliponunuliwa bidhaa, na nyuma yake akaandika kwa kalamu jina la shughuli: "Hitima Kizingo", "Harusi Tudor".

Vyombo vilikuwa na hesabu yao. Sufuria ya kupikia watu mia tatu si mchele. Haiishi siku ya harusi. Sheria imetaja vyombo na zana ndogo waziwazi, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kugawa bei yake kwa miaka mitatu, thuluthi kila mwaka. Sheria ya Fedha ya 2025 ndiyo iliyoruhusu bei yote itolewe katika mwaka wa kununuliwa. Gari la mizigo lina njia nyingine. Wakati ule thamani yake ilipunguzwa kwa asilimia 25 kila mwaka, ikihesabiwa juu ya kilichobaki. Pikapu aliyoinunua kwa 800,000 ilimpa punguzo la 200,000 mwaka wa kwanza, 150,000 wa pili, 112,500 wa tatu, kabla ya kuondoa sehemu ya matumizi ya nyumbani. Yeye alikuwa amezoea kuiona pikapu kama pesa iliyokwisha kwenda. Kumbe kila Juni ilikuwa ikimrudishia kitu.

Madeni hayakumwendea vizuri hivyo. Kulikuwa na familia moja iliyokula, ikasifu, ikahama mtaa. Aliuliza kama hasara ile yaweza kutolewa. Sheria inaruhusu deni lililooza, lakini kwanza liwe limewahi kuingizwa kwenye vitabu kama mapato, na ionekane kweli kwamba hatua za kulidai zilichukuliwa. Yeye alikuwa akiandika pesa siku zinapoingia mkononi. Deni lile halikuwa limeandikwa popote, basi halikuwa na pa kutolewa.

Kisha likaja jambo ambalo liliufanya uangalifu huo wote uonekane kazi bure.

Kenya imejaribu mara kadhaa kuwatafutia wafanyabiashara wadogo njia ya mkato. Mwaka 2019 ilikuwa asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara, ikilipwa pamoja na leseni yenyewe. Mwaka 2020 ikarudi kodi ya mauzo, iliyowahi kuwapo kabla, na katika msukosuko wa korona kiwango chake kikateremshwa hadi asilimia 1 kwa wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 50 kwa mwaka. Kodi hii haiulizi umebakiwa na ngapi. Inachukua sehemu yake kwenye kila shilingi iliyoingia, ritani hujazwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na gharama hazitajwi. Kwa mpishi mwenye mauzo ya milioni 4 kwa mwaka, asilimia 1 ni 40,000. Alifurahi. Alisema afadhali hivyo kuliko kukaa usiku kucha na sinia la karatasi. Kopo la biskuti likarudi kuwa la biskuti.

Furaha hiyo ilikuwa na upande wake mbaya, nao ulionekana upesi. Mwanzoni mwa 2020, kabla ya msukosuko, alikuwa amenunua mahema na viti akitarajia msimu mzuri. Machi mikusanyiko ikapigwa marufuku. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, haingii mtu hatoki mtu, hadi 7 Julai. Mahema yakakaa ghalani. Katika utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato, mtu akipata hasara mwaka huu huibeba akaitoa kwenye faida ya mwaka ujao. Kuna miaka iliruhusiwa hata bila kikomo, na tangu Sheria ya Fedha ya 2025 kwa muda wa miaka 5. Kodi ya mauzo haijui hasara ni kitu gani. Na kwa kuwa hakuwa akitunza vitabu tena, hata mwaka ule ambao mauzo yake yalianguka vibaya hakuwa na karatasi ya kuionyeshea hasara hiyo.

Tarehe 1 Julai 2023 asilimia 1 ikawa 3, na ukomo wa juu ukashushwa kutoka milioni 50 hadi milioni 25. Sasa milioni 4 zake zilidaiwa 120,000. Kijana wa hesabu akaitwa tena, na safari hii akaja na kikokotoo na jirani wa pili, mwanamke mwenye kibanda cha kusuka nywele hapo hapo mtaani, aliyekuwa na malalamiko yale yale.

Hesabu za wanawake hao wawili zafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba swali la "kodi gani ni nafuu" halina jibu moja kwa mtaa mzima.

Msusi alikuwa na mauzo ya 1,800,000 kwa mwaka. Anachouza ni vidole vyake. Nywele bandia wateja wengi huja nazo, na gharama zake, kuanzia kodi ya kibanda hadi mafuta na msaidizi mmoja, zilifika 600,000. Faida yake ilikuwa 1,200,000. Kwa kodi ya mapato ya kawaida, 288,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki hadi milioni 6 asilimia 30. Hiyo ni 297,400, ukiondoa nafuu ya 28,800 ya mwaka, 268,600. Kwa kodi ya mauzo angelipa 54,000. Kijana alimwambia asiguse kitu, arudi kazini kwake.

Mpishi ni kinyume chake. Anachouza kwa shilingi mia, 85 kimenunuliwa sokoni. Katika milioni 4, gharama ni 3,400,000 na kinachobaki ni 600,000. Kwa kodi ya mapato ya kawaida angetozwa 117,400, akiondoa nafuu abaki na 88,600. Kodi ya mauzo ni 120,000. Tena huo ni mwaka mwema. Mwaka ambao nyama imepanda na faida ikawa 400,000, kodi ya kawaida ingekuwa 28,600 ilhali kodi ya mauzo ingebaki pale pale kwenye 120,000, karibu thuluthi ya alichobakiwa nacho. Asilimia 3 yaonekana ndogo kwa sababu inatajwa bila kusemwa ni ya nini. Kwa mwenye faida ya shilingi 15 katika mia, asilimia 3 ya mauzo ni moja ya tano ya faida yake.

Sheria inamruhusu mtu kujitoa katika kodi ya mauzo kwa kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Wengi hawajui, na wanaojua huona uzito kuandika barua ya kuomba kazi zaidi ya karatasi. Mpishi alikuwa tayari. Kopo likaoshwa. Rasimu ya barua ikaandikwa.

Haikupelekwa. Sheria ile ile ya Fedha ya 2023 iliyopandisha kodi ya mauzo ilikuwa imeingiza sharti jipya katika kifungu cha 16: kuanzia 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki, ile ya mfumo wa eTIMS, haitolewi kwenye mapato. Yapo mambo machache yaliyosamehewa, kama mishahara, riba, ada za benki na bidhaa zilizoingizwa kutoka nje ambazo zina karatasi zake za forodha. Vitunguu havimo.

Kijana alilichambua sinia upya, mara hii si kwa kuuliza kimenunuliwa nini bali kimenunuliwa kwa nani. Mchele ulitoka kwa muuzaji wa jumla aliyekuwa na mfumo. Gesi na plastiki vivyo hivyo. Vibarua wa kumenya na kupakua chakula ni malipo ya kazi, hayahitaji ankara, yanahitaji daftari lenye majina, tarehe na kiasi, na rekodi ya M-Pesa. Lakini vitunguu, nyanya, viazi, ndimu, dania na pilipili vilitoka soko la Kongowea kwa watu wanaouza juu ya turubai. Makaa yalitoka kwa mtu ajaye na baiskeli. Mbuzi walitoka kwa mchuuzi aliyewaleta kutoka bara kwa lori. Jumla ya vile visivyo na ankara ilifika 1,300,000.

Maana yake ni hii. Mbele ya sheria, gharama za mpishi si 3,400,000 tena bali 2,100,000. Faida yake imekuwa 1,900,000, pesa ambazo hajawahi kuziona. Kodi juu yake, baada ya nafuu, ni 478,600. Mtu aliyebakiwa na 600,000 baada ya mwaka mzima wa kuamka saa nane za usiku anatakiwa alipe 478,600. Mpishi aliuliza kama kikokotoo kimeharibika.

Shabaha ya sheria si kumfilisi mpishi. Ankara za uongo zimekuwa donda la siku nyingi. Kampuni zilikuwa zikitoa gharama za mamilioni zilizonunuliwa kwa wauzaji wasiokuwapo. Mfumo wa eTIMS unafunga mlango huo, na kwa mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Wazo lililo nyuma yake ni kwamba mnunuzi atamsukuma muuzaji aingie kwenye mfumo, kwa kuwa asipofanya hivyo yeye ndiye anayeumia. Kwenye makaratasi ya Nairobi hilo ni wazo zuri. Pale Kongowea saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, mpishi hana nguvu ya kumsukuma mtu. Ana harusi saa saba mchana. Akikataa gunia hili, la jirani yake nalo halina ankara.

Alijaribu hata hivyo. Alimwendea kijana wa vitunguu aliyekuwa akimuuzia tangu siku za mwanzo, akamweleza kwamba ankara yaweza kutolewa kwa simu ya kawaida kabisa, kwa kubonyeza *222#, wala haina haja ya mashine, ni PIN tu, ile namba ya mlipa kodi.

"Mama, bei nikupunguzie," akajibu yule kijana. "Hapo kwa PIN utanisamehe."

Hakuwa mjeuri. Alieleza vizuri tu kwamba siku akianza kuandika kila gunia, kesho ataulizwa ya mwaka jana. Mpishi alimwelewa. Hata yeye aliwahi kuwaza hivyo hivyo kuhusu till yake. Akalipa vitunguu, akaenda zake, na mwaka ule wa 2024 akabaki kwenye kodi ya mauzo na kulipa 120,000 kwa awamu za kila mwezi, kwani kati ya milango miwili ule ulikuwa na hasara ndogo. Ni uamuzi ambao wapishi wengi wa aina yake wamefanya, wengine wakijua na wengine kwa kusukumwa na mazoea. Matokeo yake ni kwamba kodi iliyobuniwa kwa ajili ya kurahisisha mambo imekuwa kimbilio la wenye faida nyembamba ambao hawawezi kuithibitisha, ndio hasa ambao haikuwafaa.

Wakati huo huo binamu yake wa Tanga, mama lishe mwenye genge karibu na stendi, alikuwa akimsimulia mambo tofauti kabisa. Tanzania nayo humkadiria mfanyabiashara mdogo kwa mauzo, na nayo haimruhusu kutoa gharama moja moja. Lakini jedwali lililoanza kutumika mwaka 2019 linatofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 za Tanzania hayatozwi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Binamu mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari safi alilipa 30,000. Jirani yake wa genge la pili, mauzo yale yale, bila daftari, alilipa 100,000. Mpishi alipenda utaratibu huo. Alisema unalipa ujira kwa kalamu yenyewe, hata kabla ya kuuliza vitunguu vimetoka kwa nani. Kijana wa hesabu hakuvutiwa sana. Alisema daftari la mtu mwenyewe halimzuii mtu kudanganya. Wote wawili wana hoja, na hawajamaliza kubishana.

Kuna aina ya watu waliojiajiri ambao mabishano haya yote hayawagusi, nao wafaa kutajwa kwa ufupi. Mfasiri, mshauri, mkufunzi wa semina, mtu anayelipwa ada ya kitaaluma, haruhusiwi kuingia katika kodi ya mauzo. Anayemlipa hukata asilimia 5 juu kwa juu na kuipeleka KRA. Watu wengi wa aina hii hudhani asilimia 5 ndiyo kodi yote, wakalala. Ile ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka lazima ajaze hesabu kamili, atoe gharama zake za kompyuta, intaneti na afisi, halafu zile 5 zihesabiwe kwamba amekwisha kuzilipa, mradi cheti cha makato kionekane kwenye mfumo. Mpishi alimgundua mmoja wao kwenye semina aliyoipikia, akimwambia kwa fahari kwamba yeye hana shida na kodi kwa sababu "inakatwa huko huko." Alimtumia namba ya kijana wa hesabu kabla ya chai ya saa nne.

Mwishoni mwa 2024 njia ndogo ilifunguka. Marekebisho ya sheria za kodi, yaliyoanza kutumika Desemba 27 mwaka huo, yaliruhusu mnunuzi atoe ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mdogo au mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Yaani mpishi ndiye anayebonyeza, muuzaji anatoa PIN na kuridhia. Kazi ya kuandika imemwondokea muuzaji, hofu bado anayo, ila hofu isiyo na kazi juu yake hubebeka. Mchuuzi wa mbuzi alikuwa wa kwanza kukubali, kwa sababu rahisi: mauzo yake kwa mpishi yalikuwa makubwa na hakutaka ampoteze. Mama wa nyanya alikubali baada ya mwanawe kumsomea ujumbe wa simu mara mbili na kumhakikishia kwamba hakuna aliyekopa pesa kwa jina lake. Kijana wa vitunguu alichukua muda zaidi. Kilichomgeuza ni kuona mteja wake mwingine, mwenye mkahawa, amehamia kwa muuzaji mwenye PIN. Mwenye baiskeli ya makaa hana PIN wala simu yenye jina lake, na mpishi amehamishia sehemu kubwa ya mapishi kwenye gesi, ingawa hakuna atakayemshawishi kwamba biriani ya gesi ni biriani.

Mnamo Novemba 2025 KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zinazojazwa kwenye ritani zitalinganishwa na kilichomo kwenye mfumo wa eTIMS. Gharama isiyo na ankara haitasubiri mkaguzi aigundue. Kijana wa hesabu aliisoma habari hiyo kwa sauti, kisha akaitoa ile barua ya kujitoa kwenye kodi ya mauzo na kubadilisha tarehe. Kwa hesabu yake, visivyo na ankara vimeshuka kutoka 1,300,000 hadi chini ya 300,000, na kiasi ambacho kodi ya mapato ingekuwa sawa na kodi ya mauzo ni kama laki moja tu ya gharama zisizo na ankara. Bado hawajafika. Karibu.

Ila oda nazo zimeongezeka, na hilo limeleta suala jingine. Mauzo ya mwaka yakifika milioni 5, mpishi anatakiwa kujisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na kuongeza asilimia 16 juu ya bei ya kila shughuli. Baba wa bibi harusi hawezi kudai rejesho la VAT hiyo, ataona tu sahani imepanda bei kuliko ya mpishi wa mtaa wa pili. Na kwa upande wa ununuzi, mazao ghafi ya sokoni hayana VAT ya kudai, kwa hiyo cha kurudishiwa ni kidogo, vyombo na plastiki. Msimu wa harusi za Desemba umekwisha kumletea maombi matatu yaliyo makubwa kuliko kawaida. Ameyaandika kwa penseli. Kijana amemwomba asipokee amana ya yeyote mpaka wafunge daftari la Septemba waone wamebakiza kiasi gani kabla ya milioni 5.